Fizio wa Bongo na ndoto ya kazi Uingereza: tusidanganyane



Wiki hii nimepata barua pepe tatu kutoka kwa vijana waliomaliza fiziotherapia huko nyumbani, na zote zinauliza kitu kimoja: "Dada, njia ya kuja kufanya kazi huko ikoje?" Mmoja yuko intaneti kafe Moshi, anasema dakika zake zinakaribia kuisha hivyo nimjibu kwa kifupi. Mdogo wangu, jibu la kifupi halipo. Ndiyo maana naandika hapa, msome wote, mwenye hela ya kuchapisha achapishe akasomee nyumbani, halafu tubishane kwenye maoni.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mtaani wanatuita "daktari wa mazoezi" au "yule wa kuchua". Nimesoma Tanzania, nikafanya kazi miaka sita kwenye hospitali moja ya mkoa, na Septemba 2021 nikamfuata mume wangu Uingereza alipokuja kusoma shahada ya pili. Leo nina usajili wa hapa na nafanya kazi hospitalini. Lakini kati ya kushuka kwenye ndege na kuvaa sare ya fizio ilipita miaka miwili na miezi minne. Hiyo miaka ndiyo nataka kuizungumzia.

KWANZA, KUNA NINI KIPYA?

Tarehe 22 Julai 2025 serikali ya Uingereza ilifunga mlango wa kuleta walezi wapya wa wazee kutoka nje. Mlango huo ulikuwa umefunguliwa Februari 2022, na watu wengi wa Afrika walipita hapo. Machi 2024 walikwishaanza kuubana, mlezi mpya akakatazwa kuja na familia. Hiyo Julai wakamaliza kazi, na wakapandisha kiwango: viza ya kazi kwa sehemu kubwa ikabaki kwa kazi za ngazi ya shahada.

Fizio yumo kwenye ngazi hiyo. Kwa hiyo kwa sheria mlango wetu haujafungwa. Na hapo ndipo mawakala wameona dili jipya. Mmoja wa hao walioniandikia ametumiwa ujumbe na wakala fulani: alipe milioni saba, "usajili na kazi vyote tunashughulikia sisi, ndani ya miezi mitatu uko London." Jamani! Hakuna wakala anayeweza kukusajili. Na wakala wa hapa kumtoza mtu hela ili amtafutie kazi ni kosa kwa sheria ya Uingereza tangu mwaka 1973. Kumbukeni yaliyowapata walezi: kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilizifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hiyo, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa chini ya waajiri hao. Watu waliuza viwanja nyumbani, wakafika huku wakakuta kazi hakuna.

Kitu cha pili kipya hakisemwi na wakala yeyote. Vijana wa hapa hapa Uingereza waliomaliza fiziotherapia mwaka 2025 wenyewe walikuwa wanalia kwamba hawapati kazi ya kwanza, maana hospitali za serikali zilikuwa zinabana matumizi. Niliona nafasi ya daraja la 5, lile la kuanzia, inatangazwa asubuhi na jioni imefungwa kwa sababu maombi yamejaa. Sasa wewe unayetokea Bongo unagombania nafasi ile ile na mtoto aliyesomea mtaa wa pili kutoka hospitali. Sisemi haiwezekani. Nasema mwaka 2022 na sasa ni vitu viwili tofauti.

KUBEBA BOKSI

Nilipofika sikuwa na usajili. Kwa hapa jina "physiotherapist" linalindwa na sheria, ukijiita hivyo bila kusajiliwa unafanya kosa la jinai. Kwa hiyo nikaanza kazi ya kulea kwenye nyumba ya wazee. Kuosha, kulisha, kugeuza, kuandika kwenye daftari nani kakunywa maji kiasi gani. Sidharau kazi hiyo, imetulisha mimi na mume wangu na ilinifundisha Kiingereza cha wazee ambacho hakuna chuo kinafundisha.

Lakini kulikuwa na mzee mmoja mwenye kiharusi, mkono wa kushoto umelegea kabisa. Kila asubuhi wenzangu walimwinua kwa kumshika chini ya kwapa na kuvuta. Kwa mgonjwa wa kiharusi bega la upande ule halina misuli ya kulishikilia, ukivuta linateguka kidogo kidogo na maumivu yake hayaishi. Nilimwambia msimamizi: mkono uwekwe kwenye mto, tumshike kiunoni. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kazi yangu ni kulea, mambo ya viungo tusubiri fizio. Tulisubiri wiki tano. Fizio alipokuja alisema: mkono uwekwe kwenye mto, mshikeni kiunoni. Msimamizi akaandika. Mzee alikuwa ameshaanza kulia kila akivalishwa shati.

Usiku ule ndipo niliamua kwamba nausaka huo usajili hata kama nitakopa.

FOMU ILIVYONIULIZA

Baraza linalosajili mafizio hapa linaitwa HCPC. Unalipa zaidi ya pauni 500 ili tu wakague maombi yako, na ukikataliwa hela hairudi. Kiingereza ni IELTS ya 7, na hakuna kipengele kinachoruhusiwa kushuka chini ya 6.5. Mimi mara ya kwanza uandishi ulinikamata na 6, pamoja na miaka yote ya sekondari.

Halafu kuna fomu ambayo wewe hujazi, inajazwa na chuo chako: ulisoma nini, saa ngapi darasani, saa ngapi wodini. Mwanafunzi wa hapa anatakiwa amalize saa 1,000 za vitendo kabla ya kuhitimu, na kila saa imesainiwa. Mimi nadhani nilifanya zaidi ya hizo. Tulikuwa tunaingia wodini saa moja na nusu asubuhi na kutoka jua likizama. Lakini hakuna aliyehesabu! Chuo changu, sitataja jina, kilichukua miezi saba kuijaza ile fomu. Mwalimu aliyekuwa anatunza mitaala ya miaka yetu alishastaafu, na funguo za kabati alikuwa nazo yeye. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anapanda basi kwenda kufuatilia, mara nne.

Fomu ikaenda. Baada ya muda majibu yakaja: hapana.

Nilisoma sababu mara kumi. Kwanza walisema sina ushahidi wa kutosha wa kazi ya kifua kwa wagonjwa mahututi, hilo nilikubali. Huku fizio anaitwa usiku wa manane kwenda kumtoa mgonjwa makohozi yaliyoziba mapafu, nyumbani sikuwahi kuitwa. Lakini sababu ya pili iliniuma. Kwa maneno yangu mwenyewe walikuwa wanasema hivi: hatuoni mahali ambapo mwombaji anampima mgonjwa mwenyewe, anaamua tiba mwenyewe, na anajua lini asitibu.

Nikarudi kusoma nilichoandika. Kila mstari: "Daktari aliagiza mazoezi ya goti, nikafanya." "Daktari aliagiza joto na kuchua mgongo, nikafanya." Miaka sita ya kazi, na kila sentensi inaanza na daktari.

Ikanijia kesi moja. Kijana wa bodaboda, kavunjika mguu, kapigwa plasta, plasta imetolewa, kaletwa kwangu na karatasi ya rufaa yenye maneno mawili: mazoezi goti. Nikamshika ndama ya mguu, imevimba, ya moto, inauma ukibonyeza, na upande wa pili iko sawa. Nikashuku damu imeganda kwenye mshipa. Ukimpigisha mtu kama huyo mazoezi, lile bonge linaweza kuchomoka likaenda kwenye mapafu na akafa hapo hapo kitandani kwako. Nikakataa kumfanyisha. Nikamsukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu hadi kwa daktari. Ilikuwa kweli, akaanzishiwa dawa.

Huo ni uamuzi, jamani. Nilipima, nikaamua, nikaacha. Lakini faili lile lina mwandiko na jina la daktari tu. Mimi sikuandika kitu, kwa sababu kwetu hakukuwa na ukurasa wa fizio kuandika. Na mbaya zaidi, hata kwenye fomu ya HCPC sikuikumbuka, kwa sababu kichwani mwangu ile haikuwa kazi yangu, nilikuwa "nimemsaidia daktari".

Maombi ya pili nikaandika upya kesi nane kwa namna hiyo: nilikuta nini, nilifikiri nini, niliamua nini, nilikosea wapi. Daktari mmoja niliyefanya naye kazi, Mungu ambariki, akaandika barua kuthibitisha. Kwa upande wa kifua nikasoma upya na kuambatanisha ushahidi. HCPC inakubali upungufu wa masomo ufidiwe na uzoefu, ila uzoefu uwe na ushahidi. Nikasajiliwa, na Januari 2024 nikaanza kazi.

WAO PIA WALIANZA NA KUCHUA

Msije mkadhani wazungu walizaliwa na huo uhuru. Chama cha mafizio wa Uingereza kilianzishwa mwaka 1894 na wauguzi wanne wanawake waliokuwa wanachua wagonjwa. Mwaka huo kulikuwa na kashfa za nyumba za kuchulia ambazo kumbe ni madanguro, na hao akina mama walitaka kulinda jina la kazi yao. Kwa miongo mingi baada ya hapo fizio alikuwa anatekeleza alichoandika daktari, kama sisi. Ruhusa ya kuamua tiba mwenyewe ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2013 sheria ikaruhusu fizio mwenye mafunzo ya ziada kuandika dawa. Walidai hatua kwa hatua, wakaweka kumbukumbu za kazi yao, hadi daktari akaona hata yeye anapunguziwa mzigo.

Kwa hiyo mtu akikwambia "kwetu mfumo ndivyo ulivyo", mwambie mifumo huwa inabadilishwa na watu.

HELA

Najua wengi mmeruka hadi hapa, haya! Mwaka wa fedha 2025/26 daraja la 5 Uingereza lilianzia pauni 31,049 kwa mwaka. Ukitoa kodi, bima ya taifa na pensheni inabaki kama pauni 2,000 kwa mwezi. Msizidishe kwa shilingi! Kodi ya nyumba hailipwi kwa shilingi. Chumba, nauli, umeme wa baridi, kadi ya maktaba ya mtoto tu ndiyo bure. Ukipanda daraja la 6 (lilianzia pauni 38,682 mwaka huo) unaanza kupumua. Ni maisha mazuri? Ndiyo. Ni utajiri? Hapana.

Na kwingine je? Marekani vyuo vyao vyote vimehamia shahada ya udaktari wa fiziotherapia, masomo yako yanapimwa somo kwa somo, halafu kuna mtihani wa taifa ambao lazima upate 600 kwenye kipimo kinachoishia 800. Mwenye stashahada asipoteze nauli. Tena Septemba 2025 rais wao aliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B kwa walio nje, ambayo ni moja ya njia za mafizio. Ghuba ni rahisi zaidi kidogo: vyeti vinahakikiwa moja kwa moja na chuo kilichovitoa, unafanya mtihani wa kompyuta, na kwa kawaida wanataka uzoefu wa miaka kadhaa. Lakini angalieni, hata huko chuo chako ndicho kinaulizwa. Kabati ni lile lile, na funguo ni zile zile.

TUNAIKIMBIA NCHI?

Najua kwenye maoni atatokea mtu atasema sisi ni wasaliti. Ngoja nimjibu kabla.

Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, ya mwaka 2023, na Tanzania imo. Maana yake waajiri wa Uingereza hawatakiwi kuja kutukusanya huko. Mtu binafsi kuomba mwenyewe anaruhusiwa. Shirika hilo hilo linasema watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambazo huduma hizi zingewasaidia, na kwamba zipo nchi ambazo hazifikishi wataalamu 10 kwa kila watu milioni moja. Mwenye macho aende wodi yoyote ya mifupa ahesabu vijana wa bodaboda.

Na nitasema lililo langu. Nilipoondoka, chumba cha fiziotherapia pale kilifungwa miezi mitano. Kuna mama alikuwa anamleta mwanawe mwenye mtindio wa ubongo kila Jumanne, anambeba mgongoni kutoka stendi. Mtoto alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Niliwahi kumpigia simu mama yule mwaka 2022, akaniambia Jumanne mbili za kwanza alikwenda akakuta kufuli. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo sisemi kuondoka hakuna gharama. Ipo, na analipa mtu mwingine. Lakini pia nawajua wenzangu wawili waliomaliza na mimi, wana vyeti, wako nchini, hawana ajira kwa sababu nafasi za serikali zikitoka ni chache mno. Mmoja anauza chipsi. Huwezi kumwambia muuza chipsi asiikimbie kazi ambayo hujampa.

Msimamo wangu ni huu. Kuna mambo mawili ambayo hayahitaji mfadhili wala bajeti kubwa. Moja, vyuo vihesabu na kusaini saa za vitendo za kila mwanafunzi, na mitaala ya kila mwaka itunzwe mahali ambapo mtu akistaafu haondoki na funguo. Mbili, hospitali zimpe fizio ukurasa wake kwenye faili: apime, aandike, aamue, asaini, na akikosea aulizwe yeye. Anayeondoka yatamsaidia, kweli. Lakini wa kwanza kufaidika ni kijana wa bodaboda aliyeletwa na maneno mawili kwenye karatasi, maana safari ijayo anaweza kukutana na fizio aliyezoea kutekeleza tu.

KWA WALE WATATU WALIONIANDIKIA

Kuanzia kesho, kabla ya viza, kabla ya pasipoti: nunua daftari la kaunta. Kila wiki andika kesi mbili bila jina la mgonjwa. Ulikuta nini, ulifikiri nini, uliamua nini, matokeo yakawa nini. Mwombe mkubwa wako asaini. Omba mtaala wako chuoni sasa hivi, wakati waliokufundisha bado wapo. Ukipata nafasi ya kwenda chumba cha wagonjwa mahututi hata kwa kujitolea, nenda. Wasiliana na HCPC mwenyewe, kwenye tovuti yao wenyewe. Na yule wa milioni saba, mwambie akuoneshe usajili wake yeye.

Ukifanya hayo mwaka mzima halafu ukaamua kubaki, hujapoteza kitu. Utakuwa fizio bora kuliko nilivyokuwa mimi nilipokuwa huko.

Walioko Ghuba na Kanada tuelezeni ya kwenu. Walimu wa vyuo mnaosoma kimya kimya, nanyi karibuni, msikasirike. Na kama kuna mtu anayefanya kazi kwenye chumba chochote cha fiziotherapia mkoani, naomba aniambie kitu kimoja tu: faili za kwenu zina ukurasa wa fizio?

Nawasilisha.